Folda moja, watu saba: mbona mimi nakataliwa na jirani yangu anafungua?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Niko Tanga, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Tuko watu saba na hatuna seva. Folda yetu ya pamoja inaitwa OFISI, iko kwenye kompyuta ya mapokezi yenye Windows 11 Pro, na diski yake ni C peke yake. Baadhi ya faili zinanikatalia, naambiwa sina ruhusa, ilhali mwenzangu wa meza ya pili anazifungua bila shida. Nyingine zinafunguka vizuri, ila nikishahariri hazikubali kuhifadhiwa. Alikuja fundi akaweka Everyone na Full Control, yaani kila mtu apewe mamlaka yote, tukapumua siku chache, kisha yakarudi yale yale. Juzi tumenunua kompyuta mpya, nayo haiingii kabisa kwenye folda. Na sasa mkurugenzi anataka mishahara iwekwe humo humo lakini isionwe na kila mtu. Nianzie wapi?

JIBU: Dada, pole na kazi. Umeniletea matatizo manne, ila mengi yanatoka sehemu moja: kompyuta ya mapokezi haijui nyie ni nani, na wakati huohuo kila faili imekuja na orodha yake ya watu. Tukishatengeneza hayo mawili, mengine ni ya kumalizia.

Nianze na faili zinazokataa. Kwamba zinakataa baadhi tu, tena ndani ya folda ileile, kunaondoa lawama kwa ruta, swichi, nyaya na kompyuta yako. Mtandao mbovu hauchagui faili. Anayechagua ni Windows ya pale mapokezi, na inachagua kwa kusoma orodha ya ruhusa iliyobandikwa kwenye kila faili, moja moja. Nitabahatisha, nawe utanisahihisha: faili hizo nyingi ni skani za hati za mizigo au viambatisho vya barua pepe, na aliyeziingiza OFISI ni aliyekaa mapokezi mwenyewe. Alizihifadhi kwanza Desktop, akazibadilisha jina, kisha akaziburuta kwenda OFISI.

Hapo ndipo penye kisa. Faili ikizaliwa Desktop, inarithi ruhusa za makazi ya mtumiaji yule ndani ya C:\Users, ambako wanaoruhusiwa ni watatu: mfumo wenyewe, wasimamizi, na mwenye akaunti. Ukiiburuta kwenda folda nyingine ndani ya diski hiyohiyo ya C, Windows haiandiki faili upya. Inabadilisha tu anwani yake, na orodha ya ruhusa inasafiri nayo kama ilivyo. Ukiinakili badala ya kuihamisha, kinachozaliwa ndani ya OFISI ni faili mpya, na faili mpya hurithi ruhusa za folda ilimozaliwa. Kadhalika ukiihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, tuseme kutoka C kwenda D au kutoka kwenye flashi, Windows inalazimika kuinakili na kufuta ya zamani, kwa hiyo inarithi vizuri. Tatizo lenu linatokea kwa sababu Desktop na OFISI ziko diski moja.

Hakikisha kwa macho yako. Kaa kwenye kompyuta ya mapokezi, fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, kisha andika icacls, amri inayoonyesha orodha ya ruhusa, ikifuatiwa na jina la faili moja inayokataa:

icacls "C:\OFISI\hati ya mzigo.pdf"

Ukiona kitu cha namna hii, basi nimebahatisha vizuri:

C:\OFISI\hati ya mzigo.pdf NT AUTHORITY\SYSTEM:(I)(F)
BUILTIN\Administrators:(I)(F)
MAPOKEZI-PC\mapokezi:(I)(F)

Herufi F ni mamlaka yote. Herufi I inasema ruhusa hiyo imerithiwa. Lakini angalia imerithiwa kutoka wapi: hakuna Everyone humo, ingawa fundi aliiweka kwenye OFISI. Faili inadai kurithi, na inachorithi ni cha nyumba iliyokwisha kuihama. Sasa fanya vilevile kwa faili isiyosumbua, uone tofauti.

Hii ndiyo sababu kazi ya fundi ilishika siku chache. Ukigusa ruhusa za folda kuu, Windows inazipitia upya faili zote za ndani zinazorithi na kuzisawazisha na folda. Kwa hiyo siku ile kila kitu kilifunguka. Kesho yake mapokezi akaburuta skani mpya, zikaja na orodha ya zamani, na mkaanza upya. Sitamlaumu sana fundi, maana aliona tatizo limeisha mbele ya macho yake. Ila Everyone na Full Control ni dawa ninayoikataa popote. Full Control inampa mtu uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe na kujitwalia umiliki, kitu ambacho hakuna mfanyakazi wa kawaida anayekihitaji. Na kompyuta moja tu ikiingiliwa na programu ya kufunga faili kwa kudai fidia, programu hiyo itapita mtandaoni kwa mamlaka ya aliyekaa kwenye kompyuta hiyo na kufunga kila inachoruhusiwa kuandika.

Kwa nini basi mwenzako wa meza ya pili anafungua? Orodha uliyoiona ina mtu mmoja tu wa kawaida, mapokezi. Kwa hiyo mwenzako anaingia kwa jina la mapokezi, hata kama yeye mwenyewe hajui. Siku fulani kompyuta yake ilidai jina na nywila, mtu akaandika za mapokezi, akaweka alama ya kukumbuka, na tangu hapo Windows inazitumia kimyakimya. Wewe, kwa upande mwingine, jina lako halipo kabisa kwenye kompyuta ya mapokezi, na kwa kuwa mtu aliwahi kuzima sharti la nywila kwenye mipangilio ya kushirikisha, unapokelewa kama mgeni, yaani Guest. Mgeni yumo ndani ya Everyone, ndiyo maana faili za kawaida unazifungua.

Huna haja ya kuniamini kwa hili pia. Kwenye kompyuta ya mapokezi bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika fsmgmt.msc, ingia sehemu ya Sessions wakati wote mko kazini. Utaona kompyuta zinazotumia folda, kila moja imeingia kwa jina gani, na safu ya mwisho yenye kichwa Guest inasema ndiyo au hapana. Ukurasa huo mdogo unamaliza mabishano mengi kuliko chochote ninachokijua kwenye kazi hii. Watu hutumia asubuhi nzima kurekebisha ruhusa za jina fulani, kumbe mwenye jina hilo anaingia kwa jina jingine.

Sasa faili zinazofunguka lakini hazihifadhiki. Hapa lazima ujue kwamba anayekuja kwa mtandao anakaguliwa mara mbili. Kuna ruhusa za kushirikisha, zinazowekwa kwenye kichupo cha Sharing, nazo ni kama geti la uani. Kisha kuna ruhusa za faili zenyewe, kwenye kichupo cha Security, nazo ni mlango wa chumba. Kinachobaki mkononi mwako ni kile kidogo kati ya viwili. Geti likisema soma tu, hata chumba kikiwa wazi kabisa utasoma tu. Aliyekaa kwenye kompyuta yenyewe hapiti getini, anakutana na mlango wa chumba peke yake. Ndiyo maana mapokezi atakuapia kwamba kwake kila kitu kinahifadhika, na atakuwa anasema kweli.

Andika net share kwenye kompyuta ya mapokezi uone mageti yote yaliyopo. Ninachotarajia kukuta ofisi kama yenu ni zaidi ya moja. Yuko mtu aliyewahi kushirikisha folda ndogo iliyo ndani ya OFISI peke yake, na Advanced Sharing isipobadilishwa humpa Everyone kusoma tu. Njia za mkato zilizoko kwenye Desktop zenu nyingine zinapita OFISI, nyingine zinapita geti hilo la pembeni. Faili ni ileile moja, ila ukiingia kwa njia hii inahifadhika na kwa njia ile haikubali. Futa mageti ya pembeni yote, lakini hapo uwe mwangalifu: unaacha kushirikisha folda hiyo tu, hufuti folda. Kisha kila mtu atengenezewe njia ya mkato mpya inayopita OFISI.

Kuna sababu nyingine ya kutohifadhika inayowachanganya hata mafundi. Word na Excel hazihifadhi kwa kuandika juu ya faili ileile. Zinatengeneza faili ya muda kwenye folda hiyohiyo, zinaandika humo, zinaiondoa ya zamani, na kuipa mpya jina la zamani. Kwa hiyo mtu anahitaji ruhusa ya kuunda na kufuta ndani ya folda. Ukimpa Read na Write pekee, kufungua kutakubali na kuhifadhi kutagoma, na kwenye folda mtaanza kuona mabaki: faili za Excel zenye jina la herufi na namba nane bila kiambishi cha mwisho, au za Word zinazoanza na ~WR. Ruhusa inayotosha ni Modify, yaani kusoma, kuandika, kuunda na kufuta. Ukiyaona mabaki hayo, usihangaike na Office yenyewe.

Msichanganye hilo na ujumbe kwamba faili imefungwa kwa sababu mtu mwingine anaitumia. Hiyo si ruhusa. Mara nyingi umeme umekatika mtu akiwa ameifungua, na ile faili ndogo iliyofichwa inayoanza na ~$ imebaki. Hakikisha kwenye fsmgmt.msc, sehemu ya Open Files, kwamba kweli hakuna anayeitumia, kisha ifute hiyo ndogo.

Tufike kwenye tiba. Chagua Jumamosi mchana ofisi ikiwa tupu, na kwanza kabisa chukua nakala ya OFISI nzima kwenye diski ya nje. Baada ya hapo hifadhi ruhusa za sasa zilivyo, kwa ubovu wake wote, ili ukiharibu uweze kurudi ulikotoka:

icacls C:\OFISI\* /save C:\ruhusa_za_zamani.txt /T /C

Ukihitaji kuzirudisha, amri ni icacls C:\OFISI /restore C:\ruhusa_za_zamani.txt. Faili hiyo inatunza orodha za ruhusa tu, haitunzi kilichomo ndani ya faili zenu.

Kisha tengeneza watu. Kwenye kompyuta ya mapokezi kila mfanyakazi awe na akaunti yake yenye nywila. Nywila tupu haifai, maana Windows inakataa kumpokea kwa mtandao mtu wa akaunti isiyo na nywila, na hili limewapotezea watu muda usio na idadi. Halafu unda kikundi kimoja na uwaingize wote, mapokezi naye akiwemo:

net user mhasibu * /add
net localgroup Wafanyakazi /add
net localgroup Wafanyakazi mhasibu /add

Nyota kwenye mstari wa kwanza inakufanya uulizwe nywila badala ya kuiandika ikaonekana. Ukipata mtu mpya mwakani, utamwingiza kwenye kikundi bila kugusa folda hata moja. Na usimfanye mtu yeyote msimamizi ukidhani utarahisisha. Kwenye ofisi isiyo na domeni kama yenu, yaani isiyo na seva inayosimamia akaunti za wote, akaunti ya msimamizi ikija kwa mtandao inavuliwa usimamizi wake mlangoni, kwa hiyo kuwepo kwake ndani ya Administrators hakumsaidii kufungua faili yoyote. Mtaongeza hatari bila faida.

Sasa folda yenyewe. Amri hii moja inakata urithi wa kutoka C na kuacha wanaotakiwa tu. Iandike kwenye Command Prompt, si PowerShell, kwa sababu PowerShell inayasoma mabano kwa namna yake:

icacls C:\OFISI /inheritance:r /grant SYSTEM:(OI)(CI)F Administrators:(OI)(CI)F Wafanyakazi:(OI)(CI)M

OI na CI zinasema ruhusa iteremke kwenye faili na folda za ndani. M ni Modify. Ondoa ile ya fundi:

icacls C:\OFISI /remove Everyone

Rudia icacls C:\OFISI peke yake uhakikishe wamebaki watatu. Akibaki jina jingine, liondoe kwa namna hiyohiyo. Ndipo uzifanye faili zote za ndani zisahau zilikotoka na kurithi kutoka OFISI:

icacls C:\OFISI\* /reset /T /C

Itachukua muda kama faili ni nyingi. Mwishoni itakuambia ngapi zimefaulu na ngapi zimegoma. Zinazogoma kwa kawaida ni zile ambazo hata wasimamizi wameondolewa kwenye orodha. Hizo tumia takeown /F ikifuatiwa na njia ya faili, halafu rudia amri ya kusahaulisha.

Getini, yaani Properties za OFISI, kichupo cha Sharing, Advanced Sharing, Permissions: ondoa Everyone, weka Wafanyakazi wapate Change na Read. Najua mafundi wengi wanapendelea kuacha geti wazi kabisa na kubana mlangoni tu, na hoja yao ina maana, kwa sababu sehemu moja ya kukagua ni rahisi kuliko mbili. Mimi nabaki na Change kwa sababu geti la Change linamzuia yeyote kubadilisha ruhusa kupitia mtandao, hata kwa faili aliyoiunda mwenyewe. Na kwenye safu ya Deny usiweke alama yoyote, geti wala mlango. Mtu huweka Deny kwa Users akitaka kumzuia mmoja, anasahau kwamba kila mtu, yeye akiwemo, yumo ndani ya Users, kisha ofisi nzima inapigwa nje. Asiyetakiwa usimtaje tu kwenye orodha.

Mwisho, kwenye Settings za mtandao, mipangilio ya kushirikisha, washa Password protected sharing. Hapo ndipo ugeni unapokoma. Usiiwashe kabla akaunti hazijakamilika, la sivyo Jumatatu asubuhi utapigiwa simu sita.

Kwenye kompyuta ya kila mtu kuna kazi ya kusafisha kumbukumbu. Amri cmdkey /list inaonyesha majina yaliyohifadhiwa. Kwa mwenzako wa meza ya pili nategemea utamkuta mapokezi humo. Lifute kwa cmdkey /delete:MAPOKEZI-PC (hilo ni jina la kompyuta ya mapokezi, weka la kwenu), kata miunganisho kwa net use * /delete, kisha weka jina sahihi:

cmdkey /add:MAPOKEZI-PC /user:MAPOKEZI-PC\mhasibu /pass

Hapo ataulizwa nywila. Mfundishe kwamba inayotakiwa ni nywila ya ile akaunti uliyomwundia kwenye kompyuta ya mapokezi. PIN anayofungulia kompyuta yake haivuki kwenda mtandaoni, inaishi kwenye mashine ileile tu. Kisha aizime kompyuta na kuiwasha upya. Hilo si ushirikina wa mafundi: vikundi vya mtu husomwa anapoingia, kwa hiyo ukimwingiza kwenye kikundi akiwa tayari ameunganishwa, ataendelea kukataliwa kana kwamba hukufanya kitu. Na ukikutana na kosa namba 1219, maana yake kompyuta hiyo tayari imeshaingia kwa MAPOKEZI-PC kwa jina moja na sasa inajaribu kwa jina la pili. Windows haikubali majina mawili kwa seva moja. Kata miunganisho yote, anza upya. Usifuate ule ujanja wa kutumia namba ya IP badala ya jina. Unafanya kazi kwa sababu tu Windows inadhani ni seva nyingine, na kesho hutajua nani ameingia kwa jina gani.

Kompyuta mpya nayo karibu imeshatengenezeka yenyewe. Nadhani imekuja na Windows 11 toleo la 24H2 au la baadaye. Kuanzia toleo hilo, Windows 11 Pro haikubali tena kuingia kwenye folda kama mgeni, na inadai mawasiliano ya faili yawe na saini ya kidijitali, ambayo mgeni hawezi kuwa nayo. Za zamani ziliingia kwa ugeni, mpya imekataa. Mtandaoni utakuta maelekezo mengi ya kuilazimisha irudi kwenye tabia ya zamani kwa kuruhusu wageni wasio salama na kuzima saini. Achana nayo. Mpe mtumiaji wake akaunti kama wengine na itaingia. Ikigoma bado, soma inachosema: kosa 53 maana yake haijaifikia kompyuta ya mapokezi kabisa, kwa hiyo tazama kama zote mbili ziko mtandao mmoja, kama mtandao umewekwa Private badala ya Public, na kama ile ya mapokezi haijalala kwa kuachwa muda mrefu bila kuguswa. Kosa 1326 maana yake imefika lakini jina au nywila si sahihi. Kosa 5 maana yake imefika, imetambuliwa, na imenyimwa. Hapo ndipo pekee penye kurudi kwenye ruhusa.

Ombi moja la kando: ikiwa mna mashine kubwa ya kopi ya zamani inayotuma skani kwenye folda, utashauriwa uwashe SMB 1.0 ili ifanye kazi. Huo ni mfumo wa zamani wa kushirikisha faili ambao Windows iliacha kuuweka tangu mwaka 2017, mwaka uleule kirusi cha WannaCry kilipopita humo humo na kufunga kompyuta duniani kote. Skani ziende kwenye barua pepe au flashi.

Mapokezi sasa abadilishe mazoea. Njia nzuri kuliko zote ni kuielekeza programu ya skana ihifadhi moja kwa moja ndani ya C:\OFISI\SKANI, ili faili izaliwe mahali pake. Isipowezekana, anakili na kubandika, si kuburuta. Anayependa kuburuta ashikilie Ctrl wakati anaachia, na Windows itanakili. Ukipata nafasi ya kuongeza diski ya pili kwenye kompyuta hiyo na kuhamishia OFISI huko, tatizo la kutoka Desktop litaisha bila kumfundisha mtu chochote. Ila ndani ya OFISI yenyewe, kutoka folda ndogo moja kwenda nyingine, kanuni itabaki ileile.

Na hiyo inatupeleka kwenye mishahara. Kwa heshima zote kwa mkurugenzi, mishahara isikae kwenye kompyuta ya mapokezi. Kompyuta hiyo iko mbele ya kaunta, na yeyote mwenye usimamizi juu yake anaweza kujitwalia umiliki wa faili yoyote, ruhusa ziwe kali namna gani. Ukimficha kila mtu mishahara isipokuwa aliyekalia mashine inayoitunza, hujaficha. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika Tanzania tangu Mei 2023, na mshahara wa mtu ni taarifa yake binafsi. Weka folda hiyo kwenye kompyuta ya mhasibu mkuu au ya mkurugenzi mwenyewe, washa BitLocker kama ni Pro ili diski ikichomolewa isisomeke, na kama ni lazima watu wawili waitumie, ishirikishwe peke yake kwa kikundi chenye watu hao wawili, kwa amri zilezile za juu.

Mkurugenzi akishikilia kwamba iwe mapokezi, basi angalau isiwe ndani ya OFISI. Iunde C:\MISHAHARA, na geti lake na kikundi chake. Ukiiweka ndani ya OFISI, siku moja mtu ataendesha tena ile amri ya kusahaulisha ruhusa, na mishahara itarithi ya wote. Kuna mtego mwingine usioonekana. Mtu akiiburuta orodha ya mishahara kutoka OFISI kwenda MISHAHARA, faili inakuja na ruhusa za Wafanyakazi, wazi kwa wote saba, huku folda ikionekana imefungwa. Nao hawataweza kuiorodhesha folda, lakini Windows kwa kawaida humruhusu mtu kupita folda asiyoruhusiwa kuifikia faili anayoruhusiwa, mradi ajue njia yake kamili na geti limpitishe. Geti la MISHAHARA litawazuia wanaokuja kwa mtandao. Aliyekalia kompyuta ya mapokezi hapiti getini, na akijua jina la faili ataifungua. Kwa hiyo huko nako ni kunakili, kisha kufuta ya zamani. Alama ya dola mwishoni mwa jina la folda inaificha tu isionekane watu wanapochungulia mtandao, haizuii kuingia.

Ukishamaliza Jumamosi hiyo, jaribu ukiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, si ya mapokezi: fungua faili iliyokuwa inakataa, ibadilishe herufi moja, ihifadhi, ifunge, ifungue tena. Kisha mwombe mapokezi aingize skani mpya na uifungue hiyo pia, kwa sababu za zamani zimeshasawazishwa na hazitakuambia kitu. Ikikataa, niandikie tena ukiambatanisha matokeo ya icacls ya faili inayokubali na ya inayokataa, picha ya ukurasa wa Sessions, na namba ya kosa kama ilivyoandikwa kwenye kioo. Majina ya watu yafunike.